Miaka mingi kwenye konsoli haikupi uhandisi wa mchakato

Kuna imani moja nimechoka kuijibu kwa mdomo, kwa hiyo leo naiandikia: kwamba opereta akikaa na mashine ya karatasi miaka ya kutosha, uhandisi wa mchakato unamjia wenyewe, kilichobaki ni bosi kusaini barua. Wanaoniambia hivyo ni maopereta hodari, watu wanaosikia mlio tu wakajua beringi ya rola gani imeanza kuchoka. Nami nilianzia kwenye konsoli, meza ya kuendeshea mashine, na nawaheshimu. Lakini imani hii inawaumiza. Mtu anasubiri, anarudia kazi ileile kila mwaka, halafu analetewa kijana wa chuo wa kumsimamia, anabaki na kinyongo.

Tuchukue unyevu. Tuseme karatasi inatakiwa ifike kwenye rili, pale inapoviringishwa mwishoni mwa mashine, ikiwa na unyevu wa asilimia 6. Opereta mwenye akili anaiendesha kwa 4. Kwa nini? Kwa sababu anajua kwamba skana, kifaa kinachopima karatasi ikipita, ikimpa wastani wa 6, ndani ya wastani huo kuna mstari mmoja upande wa mota wenye 9, na ni mstari huo utakaoleta malalamiko ya mteja. Akiongeza mvuke unaopasha silinda za kukaushia, unyevu wa mstari unashuka na shifti inaisha salama. Kwa kazi aliyopewa yuko sahihi kabisa. Ningekuwa kwenye kiti chake ningefanya hivyohivyo.

Mhandisi anatazama mvuke uleule na kuuliza mstari wa maji unatoka wapi. Felti, kitambaa kinachofyonza maji ya karatasi kwenye presi, imeziba upande ule? Nozeli ya shawa imekufa? Rola ya presi, inayokamua maji, imelika ikawa haikandamizi sawasawa? Au ni mdomo wa hedibokisi, sanduku la mwanzo wa mashine, unaomwaga rojo (maji yenye nyuzi) nyingi zaidi pale? Mstari ukiondoka, wastani unaweza kupanda hadi 6 bila mtu yeyote kukosa usingizi. Kiwanda kinaokoa mvuke, na kwa kuwa karatasi huuzwa kwa uzito, kinaacha kutoa nyuzi mahali ambapo mteja amekubali maji. Utaratibu ni kupunguza kuyumba kwanza, kisha kusogeza wastani, na watu wanairuka ile hatua ya kwanza kila siku! Wanaagiza tu “pandisheni hadi 6”, mistari inatokea, na haupiti muda kila shifti imerudi kimyakimya kwenye 4. Mhandisi analalamika kwamba maopereta ni wabishi. Amewanyang'anya kinga kabla hajaondoa hatari, alitegemea nini?

Linaloniudhi zaidi ni mikono. Skana inaonyesha gramu 80.6 kwa mita ya mraba badala ya 80, opereta anagusa vali ya rojo. Inakuja 79.5, anagusa tena. Shifti mpya inaingia, kabla hata ya kuvua koti imeshabadilisha mipangilio yote ya mashine kwa sababu “sisi tunaendesha hivi”. Tofauti nyingi za kiasi hicho ni kuyumba kwa kawaida kwa mashine, hakuna kilichoharibika. Walter Shewhart, mtakwimu wa Marekani, alichora chati ya kutenganisha kuyumba kwa kawaida na mabadiliko yenye chanzo mahususi tangu 1924, na bado tunapapasa vali. Mchakato uliotulia ukiusahihisha kila mara kwa kiasi kamili cha tofauti uliyoiona, variansi yake, kipimo cha kuyumba, inakuwa maradufu. Unafanya kazi kwa bidii kuharibu karatasi.

Ongeza hapo ucheleweshaji. Rojo uliyoibadilisha kwenye vali inapaswa kupita waya (wavu wa kuchujia maji), presi na silinda zote ndipo skana iione, na muda huo wewe umeshagusa tena. Kemikali ya kushikilia nyuzi laini ni mbaya zaidi: maji meupe, yale yaliyochujwa kwenye waya, yanazunguka na kurudi, mfumo unachukua muda mrefu kutulia, na madhara yake huenda yakaikuta shifti nyingine kabisa. Opereta amesifiwa maisha yake yote kwa wepesi wa mkono. Kumfundisha atulie na kuangalia ni kazi ngumu kuliko kumfundisha hesabu yoyote.

Kuhusu hesabu sitakaa sana. Jua mizania ya maji na nyuzi, mengine yatafuata. Kwenye hedibokisi yenye nyuzi asilimia 1, kila kilo ya nyuzi imebeba kilo 99 za maji. Ikitoka presi na ukavu wa asilimia 40 imebaki na kilo 1.5, kwa asilimia 50, kilo 1. Endelea mwenyewe na utaona kwa nini ukavu ukipanda kutoka asilimia 40 hadi 41 mzigo wa kukausha unapungua kwa karibu asilimia 4. Usiikariri, ipige kwa namba za mashine yako. pH, usagaji wa nyuzi, gundi: yote yamo vitabuni.

Kisichomo ni hiki: mikatiko mingi hutapata chanzo chake. Karatasi inakatikia kwenye silinda, kumbe kilichoimaliza ni tundu lililoachwa na kipande cha ute kilichobanduka kwenye tangi huko mwanzo, na ushahidi umeshasagwa pamoja na mabaki. Mabaki hayo yanarudi kwenye rojo, yanabadilisha kemia, na mkatiko wa kwanza unazaa wa pili. Ripoti yenye sababu moja iliyoandikwa kwa uhakika naisoma kwa mashaka. Mara nyingi sababu imeandikwa kwa kuwa mkutano wa asubuhi unaidai.

Na sina hakika kama njia ya konsoli ni bora kuliko ya chuo. Sisi tunaamini masikio yetu haraka mno, wao wanaamini skana haraka mno.

Basi ndugu yangu, usisubiri barua. Kila unapogusa kitu, andika saa, umegusa nini, kwa kiasi gani, na unatarajia nini, kabla matokeo hayajaonekana. Kisha omba data za shifti zote, siyo yako tu, uzilinganishe. Mashine ikisimamishwa kwa matengenezo, omba uingie kwenye presi ukaikague felti kwa mkono wako. Nikiwa upande wa pili wa meza ya usaili, daftari hilo ndilo ninaloomba kuliona kwanza, kabla ya cheti.