"Hatoi matunzo, basi hamwoni mtoto": sheria haisemi hivyo

Wazazi wakiachana, hoja mbili husikika sana. Mama husema asiyetoa matunzo asimwone mtoto. Baba naye hujibu kwamba kama hamwoni mtoto, hela hatoi. Wote wawili wanakosea, na anayeumia ni mtoto ambaye hakugombana na mtu.

Kwa Tanzania, kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinataja matunzo, elimu, na kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kuwa haki za mtoto mwenyewe. Mama hana mamlaka ya kuzifunga, wala baba hawezi kuzishikilia kama rehani. Mpaka uliotajwa kwenye kutembelea ni kwamba masomo yake yasivurugike.

Kiwango cha matunzo nacho hakipangwi kwa hasira. Mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mshahara wa mama nao huhesabiwa, jambo ambalo akina baba wengi hawalijui wanapolalamika kwamba wanaonewa.

Matunzo yakikwama, nenda ustawi wa jamii au mahakamani. Ukinyimwa kumwona mwanao, njia ni hiyo hiyo, na chakula chake kiendelee kununuliwa kesi ikisubiri.