Je, wajua kwa nini mwalimu wa ngumbaro hulichunguza darasa lake mwenyewe?

Ba, be, bi, bo, bu. Saa kumi jioni, wanakisomo wa ngumbaro, yaani watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, wamekaa kwenye mabenchi yaliyopangwa kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza, magoti juu, na sauti zao zinapanda kwa pamoja kila fimbo yangu inapogusa silabi ubaoni. Nilipoanza kufundisha kisomo, sauti ile ilinipa matumaini makubwa. Niliamini wanasoma.

Siku moja wingu la mvua lilitanda, nikawa na haraka. Bila kukusudia nikagusa "bo" kabla ya "ba". Darasa zima likaitikia: "Ba!" Nikagusa "bo" tena. Wakaitikia: "Be!"

Walikuwa wanaimba. Wimbo walikuwa wameukariri vizuri mno, na mimi ndiye niliyewafundisha, kwa sababu kila siku nilianzia upande uleule na kuishia palepale. Macho yao hayakuhitaji kuzitazama herufi hata kidogo.

Jioni ile nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile ambayo walimu wengi tumeisikia ikisemwa katika vyumba vya walimu: watu wazima vichwa vyao vimekomaa, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo imewaumiza wanakisomo wengi. Njia ya pili ilikuwa kujiuliza swali dogo linaloweza kujibiwa: kati ya hawa waliokaa mbele yangu, nani anaijua silabi hata ikiwa peke yake?

Nikakata boksi tupu la sabuni vipande kumi, nikaandika silabi kumi, nikavichanganya. Kesho yake nilimwita mmoja mmoja pembeni, taratibu, wenzake wakiwa wanaandika. Wengi hawakufikisha vipande vitano. Nikayaandika matokeo kwenye daftari, kisha nikawarudia wote na kuwaeleza nilichokiona, na kwamba kosa lilikuwa katika namna ninavyofundisha. Nikawauliza tufanyeje. Mama mmoja anayekaanga maandazi alinijibu bila kusita: "Mwalimu, tuanze na majina yetu. Mimi nataka niache kutia dole gumba."

Basi tukaanza na majina. Kila mtu akalikata jina lake silabi kwa silabi: A-sha, Ju-ma, Ma-ri-a-mu. Baada ya wiki mbili nikavirudia vipande vya boksi. Silabi zilizomo katika jina la mtu alizitambua haraka, lakini zile za majina ya wenzake bado zilimshinda. Kwa hiyo mzunguko wa pili ulikuwa kubadilishana majina: kila mtu aandike jina la jirani yake, amsomee, na jirani amsahihishe. Hapo vipande vikaanza kusomeka kwa wengi.

Kazi ya namna hiyo inaitwa utafiti tendaji. Mwalimu anaanzia kwenye jambo linalomsumbua darasani, anapanga badiliko moja, analifanya, anaangalia na kuandika kilichotokea, anatafakari, kisha anaanza mzunguko mwingine kutokana na alichojifunza. Tofauti yake na utafiti wa kawaida ni kwamba anayechunguza ndiye anayefundisha, na matokeo yanarudi palepale yalikotoka, pengine wiki ileile. Mtafiti wa kutoka nje huja na hojaji, yaani karatasi ya maswali, akaondoka nayo. Wanakisomo waliomjibu huwa hawaoni tena kilichotokana na majibu yao.

Jina hilo lilienezwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 na kuhamia Marekani. Katika makala aliyoitoa mwaka 1946 alieleza kazi hii kama ngazi inayopanda kwa kuzunguka: kupanga, kutenda, kukagua matokeo ya ulichotenda. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka ya 1950 Stephen Corey wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwahimiza walimu wa shule kuitumia, na baadaye Lawrence Stenhouse akaijengea hoja Uingereza kwamba mwalimu mwenyewe anaweza kuwa mtafiti. Corey na Stenhouse walikuwa wakifikiria zaidi shule za watoto na vijana.

Mimi naamini darasa la watu wazima linauhitaji utafiti huu kuliko shule ya watoto. Mtoto asiyeelewa yupo tu. Mzazi wake amemleta, na utoro una adhabu. Mtu mzima asiyeelewa hatakwambia "mwalimu, sikuelewa", hasa akiwa amekaa na mkwewe, au na kijana aliyemzaa mwenyewe. Atanyamaza. Siku ya tatu utasikia ana mgonjwa, na wiki ijayo nafasi yake kwenye benchi iko wazi. Ameondoka bila kugombana na mtu. Mwalimu asiyechunguza atasema huyo hakuwa na nia. Nimewahi kusema hivyo, na najuta, kwa sababu waliorudi waliponieleza sababu zao, kukosa nia hakukuwamo katika orodha hata mara moja.

Nitaeleza kisa kimoja. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akisoma vizuri ubaoni, lakini akipewa kitabu cha kisomo anakwama neno la kwanza. Nilidhani ni woga. Nilipoanza kumtazama kwa makini, na kuandika nilichokiona badala ya nilichokidhani, niligundua kitu cha wazi kabisa: kila akikifungua kitabu anakisogeza mbali, mbali, mpaka mkono unanyooka wote, halafu anakikunja na kukiweka mapajani. Nikayaandika maneno yaleyale ya ukurasa ule kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Akayasoma yote.

Shida ilikuwa macho. Kuanzia miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa na kushindwa kuvuta kitu cha karibu, na jambo hili humpata karibu kila binadamu. Mvuvi anayeiona ngalawa iko mbali baharini hana sababu ya kujua kwamba macho yake ya karibu yamechoka, kwa kuwa hajawahi kuwa na kitu cha karibu cha kusoma. Ongeza na mwanga unaofifia wa jioni, ndio wakati madarasa haya hufanyika, maana mchana watu wako shambani, sokoni au baharini. Alipopata miwani ya kusomea, kitabu kilirudi karibu. Hapo nikaanza kuuliza kila mwanakisomo mpya swali la macho kabla ya swali la herufi.

Ninachotamani kila mwalimu wa kisomo akijue ni kwamba sehemu ya historia ya wazo hili iko hapa kwetu Tanzania. Mwaka 1964, alipokuwa akiutambulisha Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema lazima watu wazima waelimishwe kwanza, kwa sababu watoto walioko shuleni wangechukua miaka mingi kabla ya kuugusa uchumi wa nchi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo vikundi vilikusanyika kusikiliza redio, vikajadili walichosikia, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizoficha mbu. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na watu wazima wengi wasiojua kusoma kuliko wanaojua ilifika katikati ya miaka ya 1980 ikihesabu takribani mmoja kati ya kumi kuwa hajui.

Katikati ya vuguvugu hilo, Dar es Salaam ilikuwa na watu waliokuwa wakijiuliza ni nani mwenye haki ya kuchunguza maisha ya mwanakijiji. Marja-Liisa Swantz, mwanamke wa Kifini aliyefika Tanganyika mwaka 1952 kufundisha wasichana kwenye chuo cha ualimu Ashira, huko Marangu, alikuja kuishi kati ya Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisisitiza kwamba wanakijiji washiriki wenyewe katika kuuliza, kutafuta na kuamua. Kazi hiyo ikaendelea katika mradi wa Jipemoyo, wilayani Bagamoyo, nusu ya pili ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Budd Hall, kutoka Amerika ya Kaskazini, alikuwa akiongoza kazi ya utafiti katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 Paulo Freire wa Brazili, mwanafalsafa wa elimu ya watu wazima, aliitembelea Dar es Salaam. Kutoka katika mazungumzo ya miaka hiyo lilisambaa duniani jina la utafiti shirikishi, ndugu wa karibu wa utafiti tendaji. Hall alilipeleka katika mitandao ya elimu ya watu wazima ya kimataifa, na mwanasosholojia Orlando Fals Borda wa Kolombia alikuwa akifanya kazi inayofanana nayo na wakulima wa kwao.

Marekani walimu wa elimu ya msingi ya watu wazima katika jimbo la Pennsylvania walikuwa na mtandao wa utafiti tendaji miaka ya 1990, wakasaidiwa na wataalamu wa chuo kikuu kuandika walichojaribu ili wenzao wa mbali wakisome. Hilo la kuandika ndilo tunalolikosa sana huku. Mwalimu wa kisomo, ambaye mara nyingi analipwa posho ndogo au halipwi kabisa, anagundua jambo zuri, halafu anahama au anachoka, na ujuzi wake unaondoka naye.

Vifaa havisumbui. Daftari la kurasa arobaini linatosha. Linalosumbua ni nidhamu. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, yaani saa za darasa, kitabu na namna ya kukaa, mahudhurio yakipanda hutajua kilichoyapandisha ni kipi. Usipoandika siku hiyohiyo, utaandika unachotaka kukumbuka. Na daftari la mahudhurio lisomwe kwa siku, lisiishie kwenye jumla ya mwezi. Katika darasa langu jumla ilionyesha utoro, lakini siku zilionyesha gulio la Jumatano. Tulipohamisha kipindi cha Jumatano kwenda Alhamisi, "watoro" walikuja.

Aliyeacha aulizwe, tena aulizwe kwake, kwa heshima, ukianza na habari za nyumbani na si habari za darasa. Shikamoo inafungua mlango ambao hojaji haiwezi kuufungua. Atakachokwambia hakitangazwi darasani bila ridhaa yake, wala hakiandikwi na jina lake kwenye ripoti ya mratibu elimu. Mtu mzima anayeficha kwamba hajui kusoma amekuwa akiificha siri hiyo miaka mingi, benki, hospitalini, hata kwa wanawe.

Majibu yenyewe nayo yana mipaka. Kilichofaa kwa wavuvi ishirini wa pwani huenda kisifae kwa wafugaji wa Simanjiro, na mwalimu asijidanganye kwamba amepata kanuni ya nchi nzima. Amepata jibu la darasa lake, na mwenzake wa kijiji cha pili atalijaribu upya kwa wanakisomo wake.

Yule mama wa maandazi sasa anaandika majina yake yote matatu. Wiki iliyopita alikuja na daftari la wanaomkopa, akaniambia: "Mwalimu, kujumlisha kichwani naweza, lakini nikiandika inakataa." Nikamwomba anionyeshe. Mia tano na hamsini alikuwa ameiandika 50050, kama inavyotamkwa. Nikaiandika kwenye daftari langu na tarehe. Jumatatu nitawaomba wote waandike bei tano wanazozijua.