Unga wa maganda ya kahawa si dawa ya kisukari

Ule ujumbe umerudi tena kwenye makundi ya simu hapa Mwanza: eti kinywaji cha unga wa maganda ya kahawa hakina kafeini, na mwenye kisukari akikinywa anaweza kuacha dawa. Yote mawili si kweli.

Wengi hudhani kafeini iko ndani ya buni tu. Hapana, hata ganda na nyama ya tunda vinayo, ingawa kikombe chake kwa kawaida huwa chepesi kuliko cha kahawa.

Kinywaji chenyewe hakina ubaya. Wayemeni wamekichemsha na tangawizi tangu zamani, wakakiita qishr. Maganda yana polifenoli, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye mimea, na nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya mambo: kuwa na polifenoli hakukifanyi kitu kuwa dawa. Hata chai ya rangi inazo.

Geuza pakiti usome viambato. Huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta sukari imetangulia, basi mgonjwa anakunywa kilekile anachokikimbia. Sukari ya mwilini nayo hupimwa kwa tone la damu zahanati, haikisiwi. Na kama unakausha maganda mwenyewe, yaanike upesi, maana yakilala na unyevu huota ukungu.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Kwenye kundi lako huenda yumo mzee aliyechoka kumeza vidonge, naye atauamini kwa sababu umetoka kwako.