Kuandika Nenosiri Jipya Katika Faili Hakubadilishi Nenosiri la Hifadhidata

Msimamizi wa nyumba moja ya wageni huko Shela alinipigia simu baada ya swala ya isha, akanieleza jambo ambalo nimelisikia mara nyingi mno tangu nianze kuwawekea watu wa Lamu seva zao wenyewe. "Fundi," alisema, "nenosiri nimelibadilisha mara tatu tangu alasiri, na bado programu inaniambia si sahihi. Hii hifadhidata imeharibika." Haikuwa imeharibika. Asubuhi nilifuata njia ya ufukweni hadi kwake, tukaketi barazani, akafungua kompyuta yake, nami nikaona kile kile nilichokwisha kukiona katika madrasa moja ya Langoni, katika zahanati na katika ofisi ya chama cha wavuvi. Watu hawa hawafahamiani, ila wote wameamini jambo moja lisilo kweli, na imani hiyo imewapotezea saa nyingi, na mmoja wao imempotezea data.

Dhana yenyewe ni kwamba nenosiri la hifadhidata ni lile lililoandikwa katika faili la `.env` au la `docker-compose.yml`, yaani faili za mipangilio za Docker, chombo kinachoendesha kila programu ndani ya kontena, chumba chake cha peke yake ndani ya seva, na kwamba ukilifuta hapo na kuandika jingine, basi limebadilika. Sivyo. Nenosiri hukaa ndani ya hifadhidata yenyewe, katika orodha ya watumiaji wake, likiwa limegeuzwa lisisomeke. Thamani ya `POSTGRES_PASSWORD` unayoiandika katika faili ni agizo la siku ya kwanza tu. Kontena la PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, linapowashwa hutazama kwanza saraka yake ya data, yaani folda inamokaa data. Likiikuta tupu, huunda hifadhidata, humsajili mtumiaji mkuu na kumpa nenosiri lililoandikwa, lakini likiikuta tayari ina data, huiacha kama ilivyo na kuendelea na kazi, hata kama agizo limeandikwa upya mara mia. Makontena ya MariaDB na MySQL, hifadhidata nyingine zinazotumika sana, hufanya vivyo hivyo kwa `MARIADB_PASSWORD` na `MYSQL_PASSWORD`. Huu ndio utaratibu uliokusudiwa, na ni utaratibu mzuri, kwa sababu hakuna mtu ambaye angependa data yake iguswe kila umeme unaporudi.

Pale Shela sikubishana na mwenyeji wangu. Nilimwomba aandike `docker compose logs db`, amri inayoonyesha logi ya hifadhidata, yaani kumbukumbu ya yale inayoyafanya, kisha nikamwonyesha kwa kidole mstari mmoja: "PostgreSQL Database directory appears to contain a database; Skipping initialization". Hifadhidata ilikuwa imemwambia waziwazi kwamba imekuta data ya zamani na imeruka hatua ya kuanzisha. Mstari huo ulikuwa umeandikwa kila alipojaribu nenosiri jipya, na hakuwa ameusoma hata mara moja, kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwenye ukurasa wa programu uliomkataa.

Kinachowaponza wengi ni mpangilio wa kazi. Mtu hunakili faili la mfano kutoka kwenye maelekezo, huendesha `docker compose up -d` ili aone kama kitu kinawaka, na baada ya hapo ndipo anapokumbuka kwamba nenosiri la mfano halifai kuachwa, akalibadilisha. Sekunde chache zile za kujaribu zilitosha kuijaza saraka ya data, na nenosiri la mfano limekwisha kusajiliwa. Tena faili lenyewe humdanganya, kwa kuwa upande wa hifadhidata na upande wa programu vyote huchukua thamani ile ile, naye akiangalia huona maneno mawili yanayofanana herufi kwa herufi, akaapa kwamba yanalingana. Ni kweli yanalingana katika faili. Lakini programu hulisoma lake kila inapoundwa upya, na hifadhidata haikulisoma lake tangu siku ya kwanza.

Tiba ni kwenda kulibadilisha pale linapokaa. Kwa PostgreSQL ingia kwa `docker compose exec db psql -U` ukifuatisha jina la mtumiaji uliyemweka, kisha andika `\password`. Utaulizwa nenosiri jipya mara mbili bila kuonyeshwa unachoandika, na linatumwa likiwa limekwisha kugeuzwa, ndiyo maana naipenda njia hii kuliko kuandika `ALTER ROLE` na nenosiri waziwazi, likabaki katika historia ya amri. Kwa MariaDB na MySQL ingia kama `root`, yaani mtumiaji mkuu, na utumie `ALTER USER`. Baada ya hapo andika nenosiri hilo hilo katika faili na uendeshe `docker compose up -d`. Usitosheke na `docker compose restart`, kwa sababu amri hiyo huwasha kontena lile lile na thamani zake za zamani, na utarudi kunipigia simu. Ukiwa na shaka ni thamani gani inayotumika, `docker compose config` itakuonyesha faili zima likiwa limejazwa.

Kuna tiba nyingine inayosambazwa kwa moyo mweupe, nayo ni `docker compose down -v`. Naomba mtu asiiandike kabla ya kuelewa herufi ile ya mwisho. Amri ya `down` peke yake huondoa makontena na kuacha volyumu, yaani hifadhi ambamo Docker hutunza data nje ya kontena. Ukiongeza `-v` unafuta na volyumu. Kwa seva iliyowekwa leo asubuhi na isiyo na kitu, ni njia ya haraka na haina ubaya. Kwa seva iliyofanya kazi, ni kuchoma nyumba kwa sababu ufunguo umekataa. Maalim mmoja aliiendesha kwa kuelekezwa na jamaa yake kwenye simu, na nenosiri likakubali mara moja, naye akafurahi mpaka alipofungua orodha ya mahudhurio ya wanafunzi na kuikuta tupu. Hapakuwa na nakala ya akiba. Nilikaa naye siku mbili tukiyaandika upya kutoka kwenye madaftari ya walimu, na madaftari mengine hayakupatikana. Sipendi kuikumbuka siku ile.

Wapo pia wanaoendesha `down -v` na kuona kwamba hakuna kilichobadilika, wakachanganyikiwa zaidi. Hao data yao haimo katika volyumu ya Docker, imo katika folda ya kawaida ya seva iliyounganishwa na kontena, na `-v` haigusi folda za namna hiyo.

Dhana ya pili ni pacha wa ile ya kwanza: "Nimeingia ndani ya kontena, nikajaribu nenosiri langu, likakubali, kwa hiyo tatizo liko kwenye programu." Kontena rasmi la PostgreSQL humwamini yeyote anayeingia kutoka ndani ya kontena lenyewe kupitia `localhost`, yaani jina ambalo mashine hujiita yenyewe, bila kumuuliza nenosiri. Jaribu kuandika upuuzi na utaona kwamba nao unakubalika. Ukitaka jaribio la kweli, ongeza `-h db`, yaani jina la huduma ya hifadhidata kama lilivyo katika faili lako, ili muunganisho upite kwenye mtandao wa makontena kama unavyopita wa programu. Hapo utaulizwa, na jibu utakalopata ni jibu la haki.

Nije kwenye ujumbe wa kukataliwa wenyewe, kwa sababu watu husoma maneno mawili ya mwanzo na kuacha yaliyobaki, ilhali yaliyobaki ndiyo yenye habari. MySQL na MariaDB husema "Access denied for user", kisha hutaja jina, alama ya @ na mahali mtumiaji alikotokea, kisha humalizia kwa "using password: YES" au "NO". Ikiwa ni "NO", programu haikutuma nenosiri lolote, na kulibadilisha hakutasaidia kitu. Tafuta kwa nini faili la mipangilio halikusomwa. Ikiwa ni "YES", tazama mahali alikotokea kabla ya kulaumu nenosiri. Katika hifadhidata hizi akaunti ni jina pamoja na mahali, hivyo mtumiaji wa `'wageni'@'localhost'` na yule wa `'wageni'@'%'`, ambapo % ni popote, ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na haki zake. Ukimsajili wa `localhost` peke yake, programu iliyo katika kontena jingine itakataliwa daima, kwa kuwa inatokea kwenye anwani nyingine ya mtandao. Na PostgreSQL ikisema "Peer authentication failed", nenosiri halikuulizwa kabisa: imelinganisha jina lako la mtumiaji wa Linux na jina la mtumiaji wa hifadhidata, ikaona havilingani. Kanuni za mlango huo zimo katika faili la `pg_hba.conf`, husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayofuatwa, hata kama chini yake kuna nyingine uliyoiandika wewe kwa makusudi.

Tena PostgreSQL humjibu mgeni kwa maneno yale yale, yaani "password authentication failed", hata pale ambapo jina lenyewe la mtumiaji halipo, ili asiyehusika asijue majina yaliyomo. Ukweli kamili huandikwa katika logi ya seva. Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza, kwamba logi ya hifadhidata isomwe kabla faili lolote halijaguswa.

Kuhusu alama za ajabu katika nenosiri, wengi hufikiri kwamba zinapozidi ndipo usalama unapozidi, wakabandika @, #, $ na ! mfululizo. Katika anwani ya kuunganishia hifadhidata, alama ya @ ndiyo inayotenganisha nenosiri na jina la seva, kwa hiyo ikitokea ndani ya nenosiri anwani inaweza kukatika mahali pasipofaa, na inapasa iandikwe `%40`. Katika faili la Compose alama ya $ huashiria thamani ya kujazwa na lazima irudiwe mara mbili. Ushauri wangu haujabadilika kwa miaka: tumia `openssl rand -hex 16`. Itakupa herufi na tarakimu 32 zisizo na alama hata moja ya kusumbua, na hakuna atakayezibahatisha. Nenosiri la hifadhidata halihitaji kukaririwa na binadamu, linahitaji tu kusomwa na programu bila makosa.

Mengine nayataja kwa ufupi. `FLUSH PRIVILEGES` haihitajiki baada ya `ALTER USER` wala `GRANT`. Ni ya waliobadilisha jedwali la haki kwa mkono. `root` wa MariaDB kuingia bila nenosiri ndani ya seva si tundu la usalama, kwa sababu tangu toleo la 10.4 la mwaka 2019 anatambuliwa kwa akaunti yake ya mfumo, na wengine hawawezi kupita hapo. Ujumbe wa "connection refused" hauhusiani na nenosiri. Hakuna aliyefungua mlango hata likaulizwa, na mara nyingi ni kwa sababu programu imeandikiwa `localhost`, ambayo ndani ya kontena ni kontena lenyewe. Kufungua poti 3306 au 5432, yaani milango ya mtandao ya MySQL na MariaDB au ya PostgreSQL, kwa dunia nzima hakutibu lolote kati ya haya, na nakusihi usifanye hivyo, kwani poti inayotangazwa na Docker hupita nje ya kanuni za `ufw`, kizuizi cha mtandao cha seva, unazozitegemea. Na ikiwa programu ya zamani imeanza kukataliwa baada ya kupandisha MySQL, angalia njia ya uthibitisho: toleo la 8.0 la mwaka 2018 liliweka njia mpya kuwa ya kawaida, toleo la 8.4 la mwaka 2024 likaizima ile ya zamani, na 9.0 likaiondoa kabisa.

Limebaki la zahanati, na ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeliona. Programu yao ilifanya kazi vizuri, nenosiri lilikuwa sahihi, ila hati, yaani faili la amri zinazojiendesha, ya kutengeneza nakala ya akiba kila usiku ilikuwa ikikataliwa na hifadhidata kimya kimya. Kijana anayewasaidia alikuwa amefungua faili la nenosiri katika kompyuta ya Windows na kulihifadhi tena, naye aliniapia kwamba hakubadilisha hata herufi moja. Alisema kweli kwa kadiri macho yanavyoona. Nilipoendesha `cat -A`, amri inayoonyesha hata alama zisizoonekana, juu ya faili lile, mwisho wa mstari, baada tu ya tarakimu ya mwisho ya nenosiri, palikuwa na `^M`. Ni alama ya Windows ya kumalizia mstari, haionekani katika kihariri cha kawaida, na hati ya usiku ilikuwa ikiituma kwa hifadhidata kama sehemu ya nenosiri. Tuliiondoa kwa `sed -i 's/\r$//'`, tukaiendesha hati kwa mkono mbele yake, na tukasubiri mpaka faili la nakala likaonekana katika folda likiwa na ukubwa wake. Kisha akaniuliza faili la mwisho kabla ya hilo lilikuwa la lini. Tukalitafuta pamoja, lilikuwa la wiki tano nyuma.