James Bond ndani ya deraya nyeupe

Kila nikisema Daniel Craig, yule aliyeigiza James Bond, yumo kwenye Star Wars, ule mfululizo wa filamu za vita vya anga za juu, mtu hubisha. Wabishi wakubwa ni vijana wa maskani yetu hapa Bondeni. Filamu yake ya 2015, The Force Awakens, wameitazama hadi wanajua nani atasema nini, na wanaapa hawajamwona. Wasema kweli. Yumo, ila hakuna aliyemwona.

Kumbuka pale Rey, binti shujaa wa hadithi, amefungwa kwenye kiti ndani ya ngome ya maadui, analindwa na askari mmoja wa deraya nyeupe, wale waitwao stormtrooper. Rey, akijaribu nguvu yake ya kuitawala akili ya mtu, anamwamuru amfungue pingu, atoke, auache mlango wazi. Mara ya kwanza askari anauliza amesema nini. Ya pili anamtukana na kumtishia kwamba atazikaza zaidi. Ya tatu sauti inapoa, anairudia amri neno kwa neno, anafungua pingu na kuondoka. Rey anamwongezea: na bunduki uiangushe. Naye anajibu kwamba ataiangusha, na kweli inaanguka. Huyo ndiye Craig.

Ilitokana na ujirani tu. Spectre, filamu yake ya Bond iliyotoka mwaka huohuo, ilipigwa kwenye studio za Pinewood nje ya London, na Star Wars nayo ilikuwa ikitengenezwa papo hapo. Uvumi ulipovuja kabla ya onyesho la kwanza, aliulizwa, akakana.

Mimi riziki yangu ni kukata picha: tamthilia za huku Pwani, matangazo, na msimu wa harusi ukikolea, harusi. Kwa hiyo jambo hili nalitazama kutoka kwenye kiti cha mhariri, na kutoka hapo nyota anayepita kwa sekunde chache, ile tunayoiita kameo, ni mzigo. Mtazamaji akiutambua uso, anamgeukia jirani yake, "si fulani yule?", na akirudi kwenye hadithi maneno mawili matatu yashampita. Niliwahi kukata tamthilia ambapo mwimbaji wa taarabu alialikwa apite tu, aombe maji mlangoni, aende zake. Mtayarishaji alivyoiona sura ile kwenye kioo hakutaka iondoke. Akataka anywe maji polepole. Kisha akataka abaki aseme beti mbili. Mwisho wenye nyumba, ambao ndio hadithi yenyewe, wakawa ndio wageni. Nyota wa kupita ni karafuu kwenye pilau: waitaka harufu yake, hutaki kuitafuna.

Helmeti inaliondoa tatizo hilo lote. Uso haupo, kwa hiyo hakuna wa kumgeukia jirani. Midomo haionekani, kwa hiyo maneno yanaweza kurekodiwa upya baadaye kwenye chumba cha sauti bila kuhangaika yalingane na kinywa. Anayejua anachekelea peke yake, asiyejua hakupoteza kitu. Ndiyo sababu filamu ileile iliweza kuwatia ndani ya deraya hizo Michael Giacchino, mtunzi wa muziki wa filamu nyingine, na Nigel Godrich, mtayarishaji wa bendi ya Radiohead, na hadithi isiyumbe hata kidogo.

Kipimo changu ni kibanda cha video. Pale muvi inapigwa na DJ akisimulia juu yake kwa Kiswahili cha mtaani, sauti za waigizaji zimezamishwa. Chukua kile kipande cha Rey ukipeleke huko: sauti ya Craig imekwenda, uso haukuwapo tangu mwanzo, hakuna kilichobaki cha umaarufu wake. Na bado bunduki ikianguka watu watacheka, kwa sababu kichekesho kiko kwenye tukio lenyewe. Kwa anayejua kuna utamu wa ziada, bila shaka: stelingi asiyeamrishwa na mtu, leo anatii amri ya binti aliyefungwa kitini.

Uso wazi pia unaweza kufaa, kwa masharti. George Lucas mwenyewe, muasisi wa Star Wars, anaonekana kwenye Revenge of the Sith ya 2005, amesimama ukumbini kwenye jumba la opera, kapakwa buluu. John Williams, mtunzi wa muziki wa filamu zote tisa za mfululizo mkuu, yuko kwenye The Rise of Skywalker ya 2019 kama muuza baa. Hao tunawajua majina kuliko sura, kwa hiyo wanapita salama. Men in Black, filamu za mawakala wanaowachunga viumbe wa sayari nyingine, wao walikwenda kinyume kabisa: mwaka 1997 walijaza skrini za makao yao makuu kwa watu maarufu, Sylvester Stallone na Danny DeVito wakiwamo, na mwaka 2002 Michael Jackson akapiga simu ya video kuomba apewe kazi ya uwakala. Huko kutambua ndiko kichekesho chenyewe: mnayemshangaa kwenye televisheni huenda si mtu wa dunia hii. Bila uso, hakuna mzaha.

Wana wa mfalme wa Uingereza ndio walionichekesha zaidi. William na Harry walikwenda Pinewood Aprili 2016 wakati The Last Jedi, Star Wars iliyofuata, inapigwa, wakavalishwa deraya, wakaingizwa kwenye lifti na Finn, rafiki yake Rey aliyewahi kuwa askari wa deraya. Mwigizaji Tom Hardy naye alipiga kipande cha lifti, akimtambua Finn na kumpongeza kwa kibao cha matakoni. Filamu ilipotoka 2017, vyote vilikuwa vimekatwa. Sikuwapo mezani pao, lakini mkasi ule ningeupitisha hata mimi. Finn na wenzake wamejipenyeza kwenye meli ya adui kwa kujifanya maofisa, roho iko juu, halafu umwachie mtu nafasi ya utani mrefu? Kipande cha Hardy kilitolewa baadaye pamoja na matukio yaliyoachwa nje. Kitazame, ni kizuri, na ndiyo maana ni hatari.

Star Trek, mfululizo mwingine wa anga za juu, walimbakisha mwana wa mfalme wa kwao. Abdullah, sasa mfalme wa Jordan, alipita kwenye tamthilia yao ya Voyager mwaka 1996 akiwa bado mwana wa mfalme: sare, kusimama, wala hakusema neno.

Na Lupita Nyong'o, naye si yumo kwenye Star Wars? Hilo huulizwa kila mara, na wapo waliokwenda sinema kumtafuta wakatoka wamenuna. Yumo kama Maz Kanata, na hiyo si kameo, ni uhusika wake wa filamu tatu. Ila 2015 uigizaji wake ulinaswa kwa vialama usoni, kompyuta ikajenga yule bibi mdogo wa miwani mikubwa juu yake, na kufikia 2019 Maz alikuwa zaidi bandia inayoendeshwa kwa mitambo, Lupita akimpa sauti. Katika The Last Jedi anatokea mara moja tu, kwenye mawasiliano ya mbali, risasi zikirindima, anawaelekeza wenzake kwa fundi wa kufumbua misimbo ya siri, basi. Wenye hamu ya sura yake kwenye sayansi ya kubuni watafute A Quiet Place: Day One ya 2024. Humo kamera haimwachi.