Ravioli za kukaanga: yanayosemwa na ukweli wake

Kuna hii kitu ya St. Louis, kule Missouri Marekani, wanachukua ravioli, vile vimfuko vya pasta vyenye nyama au chizi ndani, wanazivingirisha kwenye chenga za mkate alafu wanazitumbukiza kwenye mafuta ya moto, zinakuja mezani na kibakuli cha sosi ya nyanya pembeni, unazitafuna huku unasubiri chakula chenyewe. Siku hizi watu wengi wanajaribu nyumbani na malalamiko ni yale yale, oh zimelainika, oh zimepasuka chizi yote imebaki kwenye karai. Na ukisikiliza ushauri wanaopeana unachoka, maana mwingi hauna kichwa wala miguu.

Kwanza wakisikia jina lake, toasted ravioli, yaani kama ravioli za kubanikwa, wanawasha oveni. Wapi! Hii inakaangwa, tena mafuta mengi ya kuzamisha, jina tu ndo linapotosha.

Dhana: ni chakula cha asili cha Italia, bibi zao walikua wanapika hivi hivi.

Ukweli: kilivyo hiki, na chenga za mkate na sosi ya kuchovya, kimetoka mtaa unaitwa The Hill huko huko St. Louis, mtaa wa wahamiaji wa Kiitaliano, wengi wao asili yao Lombardia na Sicilia, ndo mtaa aliokulia Yogi Berra yule wa besiboli. Italia nako wanakaanga vimfuko vya unga, Sicilia kuna cassatelle zina ricotta tamu ndani, ile chizi laini nyeupe, ila hizo ni kitu kingine na huli na sosi ya nyanya. Ile hadithi kwamba mpishi aliangusha ravioli kwenye mafuta kwa bahati mbaya miaka ya 1940, ukweli ni kwamba ina wenyewe zaidi ya mmoja, kuna mgahawa uliokua unaitwa Oldani's, kuna Angelo's ambao sasa ni Charlie Gitto's, na Lombardo's nao wanasema wao walikua nazo hata kabla. Kwa hiyo anayekuhadithia kama vile alikuwepo jikoni siku hiyo, mpunguzie uzito.

Sasa tuje jikoni.

Hapa kwetu dhana inayoharibu zaidi ni ile ya "si ni sambusa tu jamani". Sio sambusa. Manda ya sambusa ni nyembamba, ishapitishwa kwenye chuma cha moto, haina yai, ikiingia kwenye mafuta inakauka yenyewe inakua krispi. Unga wa ravioli ni mnene kidogo, una yai na unyevu wake, ukiukaanga mtupu unatoa malengelenge alafu unakua mgumu wa kuvuta na meno. Ukrispi wa ravioli hautoki kwenye unga wake, unatoka kwenye koti la chenga za mkate, na kazi ya pasta pale ndani ni kubaki laini. Ukishaelewa hilo mambo mengine yote yananyooka.

Eti lazima uchemshe kwanza, la sivyo zitabaki mbichi? Inategemea umenunua zipi. Zile kavu kabisa za kwenye paketi, ambazo hazikai kwenye friji, hizo ndio, chemsha, tena zitoe zikiwa bado na ukinzani kidogo, zikaushe kwa kitambaa kisafi. Lakini mbichi za kwenye friji au ulizokunja mwenyewe hazihitaji, unyevu ulio kwenye unga na ule wa yai la kupaka unatosha kuivisha pasta nyembamba kwa dakika 3 au 4 za kwenye mafuta. Za friza soma paketi, nyingi zishapikwa kidogo kiwandani. Anayechemsha mbichi mpaka ziive kabisa ndo akaange anaingiza maji kwenye kitu ambacho kazi yote iliyobaki ni kukitoa maji, na hapo hapo anashangaa kwa nini zinapasuka.

Maana kinachopasua ni mvuke. Maji yakipita nyuzi 100 yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na kama pembeni hujabana vizuri au umeacha hewa ndani basi unatokea hapo na chizi inafuata. Sio mafuta mabaya, sio gesi kali, sio jicho la jirani. Sukuma hewa yote nje kwa vidole kabla ya kufunga, lowesha kingo kwa maji kidogo tu, bana. Na mjazo uwe mkavu: ricotta ichuje kwenye kitambaa, mchicha ukamue mpaka ugome kutoa maji.

Dhana: nyama itaivia humo humo kwenye mafuta. Hapana, hii naikataa kabisa. Kima inatakiwa iive mpaka ndani, Marekani wanaelekeza nyuzi 71 kwa ng'ombe wa kusaga, na koti linakua la dhahabu kabla huna uhakika kama katikati kumefika huko. Pika kima yako kwanza na vitunguu na viungo, ikauke, ipoe, ndo ujaze. Ikiingia ya moto inalainisha unga unachanika mkononi.

Mafuta. Wengine wanasema yawe moto sana ndo krispi, wengine eti moto mdogo ndo haziingizi mafuta. Wote hapana. Nyuzi 175 mpaka 180. Chini ya hapo, tuseme 150, mvuke unatoka kinyonge, koti halikauki haraka, linakaa kwenye mafuta muda mrefu linanyonya, unapata kitu kizito cha kuchuruzika. Juu sana chenga zinaungua nje na ndani bado. Na hata ukipata 180 safi, ukimwaga ravioli kumi na tano kwa mpigo joto linashuka hapo hapo, kwa hiyo weka chache, sita saba kutegemea na karai, subiri mafuta yapande tena ndo uendelee. Huna kipimajoto? Chomeka mpini mkavu wa mwiko wa mbao, vikitoka vipovu vidogo vidogo mfululizo yako tayari. Ile ya kunyunyizia maji kuona kama yanalia, acha, mafuta yanaruka usoni. Na yakishika moto usimwage maji, zima jiko, funika na mfuniko wa chuma, usilibebe karai kukimbia nalo nje.

Kitu kizuri ni kwamba ravioli zenyewe zinakwambia. Vile vipovu ni maji yanayotoka, mwanzo vinafurika, baadae vinapungua na kelele inashuka, hapo angalia rangi utoe.

Kuhusu koti, watu wanadhani tabaka mbili tatu ndo krispi zaidi. Koti nene linabanduka lote kama ganda ukiuma. Tabaka moja tu: unga wa ngano kung'uta, yai lililopigwa na maziwa kidogo, chenga za mkate laini zenye chumvi na oregano, alafu zipumzike kwenye friji kama dakika 15 zishikane. Mkono mmoja wa vikavu, mwingine wa yai, usipofanya hivyo vidole vyako ndo vitakua na koti nene. Na chenga hazihitaji kununuliwa, mkate wa jana ukaushe kwenye oveni usage.

Zikishakua na koti zinakubali friza, zipange kwenye sinia zisigusane, zikiganda tia kwenye mfuko. Hapo hakuna haja ya kuziyeyusha, zitoke friza ziingie kwenye mafuta, ila kung'uta barafu kwanza maana ile barafu ya juu ndo inarusha mafuta.

Eafraya, ile mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto, nayo ina wafuasi wake wanaosema hata tone la mafuta halihitajiki. Bila mafuta chenga zinabaki nyeupe, za vumbi vumbi. Pulizia au paka kidogo pande zote, nyuzi 200, dakika 8 hivi, geuza katikati. Zinakua nzuri, si kama za karai lakini nzuri.

Wanaosema huku kwetu ravioli hazipatikani, supamaketi kubwa za mjini wanazo kwenye friza, na Malindi ndo usiseme maana Waitaliano wamejaa kule miaka mingi. Ila za kukunja mwenyewe bei yake ni unga na mayai.

Zikitoka zisilundikane kwenye bakuli la tishu, mvuke unabaki katikati yao unazilowesha, ziweke kwenye wavu wa chuma. Chizi ya Parmesan iliyokunwa nyunyiza zikiwa za moto. Usifunike! Mtu anafunika na hotpot ili zisipoe, dakika tano tu koti limelowa, kama wageni wamechelewa basi oveni ya nyuzi 100 bila kufunika. Sosi ikae pembeni kila mtu achovye mwenyewe, ukimwagia juu umekaanga bure.

Zilizobaki kesho yake usitie kwenye maikrowevu, oveni nyuzi 190 dakika 8 mpaka 10, sosi ipashe kivyake.