Dawa ya "kulainisha damu" haiui sumu ya bakteria

Dhana: Heparini na wafarini, dawa za "kulainisha damu", huifanya damu iwe nyepesi kama maji, na huyeyusha bonge lililokwisha kuganda.

Ukweli: Wala. Heparini huipa nguvu antithrombini, protini ya mwili wenyewe inayoizima thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu. Wafarini huzuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha. Bonge jipya hukosa pa kuanzia. La zamani mwili huliyeyusha wenyewe, taratibu.

Dhana: Ukishatumia dawa hizi, hakuna kitakachogandisha damu.

Ukweli: Ingia maabara. Plazma (majimaji ya damu) ya sungura imetiwa EDTA, kemikali iliyoipokonya kalsiamu yote, kwa hiyo haiwezi kuganda kwa njia ya kawaida. Tia bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, uiweke kwenye nyuzi joto 37. Ndani ya saa 4 unainamisha kichupa na plazma haimwagiki. Imekuwa kama jeli. Koagulasi, protini ya bakteria hao, huishika prothrombini (thrombini ambayo bado haijaamshwa) na kuifanyisha kazi moja kwa moja, na kazi hiyo hata heparini haiizuii.

Dhana: Mgonjwa wa sepsisi (mwili kujidhuru wenyewe ukipambana na maambukizi) akivuja damu, maana yake damu yake haigandi.

Ukweli: Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu huchelewesha watu. Sumu ya bakteria kama meningokoka, wa homa ya uti wa mgongo, huzichochea chembe nyeupe kuwasha mnyororo wa kuganda, na mabonge madogo hutapakaa kwenye mishipa myembamba mwili mzima. Chembe sahani na protini za kugandisha zikishatumika zote huko, fizi na matundu ya sindano huanza kuvuja. Anaganda na anavuja, kwa pamoja. Mtoto mwenye homa akitoka madoa ya zambarau, yabonyeze kwa glasi. Yasipofifia, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Kwa ngozi nyeusi, tazama viganja, nyayo na ndani ya kope.

Dhana: Basi zuia kuganda, mgonjwa atapona.

Ukweli: Ilijaribiwa kwa nia njema. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha Xigris, yaani protini C, protini ya mwili inayozuia kuganda, iliyotengenezwa kiwandani, kwa sepsisi kali. Oktoba 2011 iliondolewa sokoni: utafiti mpya ulionyesha haipunguzi vifo. Antithrombini nayo, kwa wagonjwa zaidi ya 2,300, haikuokoa maisha zaidi. Kuganda kiasi ni mtego wa mwili wa kuwanasa bakteria. Heparini ya dozi ndogo bado hutolewa wodini, ila kuzuia mabonge ya miguuni kwa aliyelala muda mrefu. Bakteria wanaotoa sumu huachiwa antibiotiki, na kwa aliyeingia mshtuko (shinikizo la damu kushuka mno) zianze ndani ya saa ya kwanza.